Bawasiri: uzi, mpira na unga wenye zebaki

Watu hukimbilia kuuliza kama bawasiri itibiwe kwa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, au hospitalini kabla hata ya kujua ni ya daraja gani. Inayovuja damu tu bila kuchomoza ni daraja la kwanza. Ikichomoza unapojikamua kisha ikarudi yenyewe, ni la pili. Inayorudishwa kwa kidole ni la tatu, na isiyorudi kabisa ni la nne. Matibabu hufuata daraja hilo.

Kwa madaraja mawili ya kwanza, pande zote mbili huanzia kwenye kulainisha choo, na hapo Wahindi wana kitu kizuri: isabgol, maganda ya mbegu za ispaghula. Koroga kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji, kama mililita 240, unywe papo hapo kabla haijawa uji mzito, kisha uendelee kunywa maji siku nzima. Ukiimeza na maji kidogo huvimba na kukwama kooni. Chooni usikae na simu: dakika tano zinatosha.

Ikishindikana, huja kufunga kinyama kilichovimba. Kshara sutra ni uzi uliopakwa mara 21: mara 11 utomvu wa snuhi, mmea wa jamii ya mnyaa, mara saba utomvu pamoja na chumvi ya majivu ya mmea wa apamarga, na mara tatu utomvu na manjano. Uzi hukaza shina la kinyama huku dawa ikikila taratibu. Pete ya mpira, iliyoenezwa na daktari Barron kuanzia 1963, nayo hukata damu shinani, na kinyama hudondoka baada ya siku chache. Pete ikiwekwa chini sana, kwenye ngozi yenye mishipa ya fahamu, maumivu huwa makali hapo hapo na lazima iondolewe.

Kwa bawasiri ya ndani ya daraja la pili, mimi naegemea mpira. Utafiti wa India uliochapishwa 1991, ambao wauza uzi hupenda kuutaja, ulihusu fistula ya haja kubwa, yaani kijitundu kinachotoboka kutoka ndani ya njia ya haja hadi kwenye ngozi. Huko ugonjwa ulirudi kwa wachache zaidi kati ya waliofungwa uzi kuliko kati ya waliopasuliwa, ingawa kidonda kilichelewa kupona. Kuuhamishia kwenye bawasiri ni kumdanganya mgonjwa.

Ninachokipinga waziwazi ni unga na vidonge vya kunywa visivyotaja vilivyomo. Arshakuthar Ras, dawa ya kale ya bawasiri, hutengenezwa kwa zebaki na salfa. Mwaka 2008 watafiti walipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa mtandaoni. Moja kati ya tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki.

Baada ya kufungwa, damu kidogo ni kawaida. Ikimwagika kwa wingi, hata wiki ya pili, au ukapata homa au kushindwa kukojoa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na aliyevuka miaka 45 akitokwa damu, aombe utumbo wake mpana uchunguzwe kwa kamera kwanza, kwa sababu saratani ya utumbo nayo huvuja hivyo hivyo.