Spana fupi, nati iliyogoma: lawama ni za nani?

Malalamiko yenyewe yanajulikana. Gari limepata pancha, dereva amefungua buti na kuinua zulia, na chini yake anakuta jeki ndogo ya mkasi, mpini wa kuchomeka na spana ya tairi yenye urefu wa kama sentimita 25. Muda si mrefu utamwona amepanda juu ya spana hiyo kwa miguu yote miwili, ameshikilia paa la gari asianguke, na nati haijasogea. Hapo ndipo Mjapani anapotukanwa: gari zuri namna hii, halafu vifaa vya kuchezea watoto!

Nusu ya matusi hayo, kwa maoni yangu, yanamwangukia asiyehusika.

Chukua spana kwanza. Toyota ndogo nyingi tunazoendesha zinatakiwa zikazwe nati kwa nyutoni-mita 103 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukitumia spana ya sentimita 25, kipimo hicho ni sawa na kugandamiza ncha ya mpini kwa uzito wa kilo 42 hivi. Mtu mzima akiinama na kuegemea kwa mikono anaufikia bila shida kubwa, na hawezi kuupita kwa mbali sana. Ufupi wa spana, kwa maana hiyo, haukutokana na ubahili peke yake. Ni namna ya kumzuia mtu asiye na kipimo asikaze hadi bolti ikatike. Vitabu vingi vya maelekezo vinakataza wazi kuikanyaga spana au kuichomekea bomba wakati wa kukaza. (Kitabu chenyewe kipo, tena kwenye droo ya dashibodi, ila kimeandikwa Kijapani mwanzo mwisho.)

Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja tu: aliyekaza mara ya mwisho awe alikaza kwa kipimo. Sasa nenda kwa fundi pancha yeyote barabarani uangalie. Ana bunduki ya upepo, anaibana iendelee kugonga hata nati ikiwa imeshakaza, au ana spana ya msalaba na kipande cha bomba, na ya mwisho anaimalizia kwa mguu. Nati ikikazwa mara mbili ya kipimo, ile spana ya kiwandani itataka kilo 84 kwenye ncha yake kuifungua, na hapo hatujahesabu kutu. Mama wa kilo 60 anaweza kusimama juu yake mzima mzima na isitikisike. Anachopambana nacho pale ni nguvu za fundi. Kiwanda hakimo.

Fundi naye ukimsikiliza ana hoja, tena si ya kupuuza. Tairi likichomoka kwenye mteremko wa Kitonga, atakayetafutwa ni yeye. Nati iliyokaza kupita kiasi haijawahi kumletea kesi, kwa sababu anayeteseka nayo ni mtu mwingine, siku nyingine, mkoa mwingine. Tena wateja wengi hupima kazi kwa jinsi fundi anavyotoa jasho akikaza. Mwambie akaze kwa mkono tu, atakujibu, “Bosi, itakufungukia njiani.” Spana ya kipimo, ile inayoonyesha nati imekazwa kiasi gani, anaijua, ila hakuna anayemlipa zaidi kwa kuwa nayo. Katika hali hiyo sioni kwa nini awe wa kwanza kubadilika.

Kwenye jeki, hata hivyo, naungana na wanaolalamika. Jeki ya mkasi ina tabia ya kuwa nzito zaidi mwanzoni, ikiwa imelala karibu na ardhi. Mikono yake ikiwa bapa, skrubu inafanya kazi kubwa kuinyanyua kidogo, kisha inalainika kadiri inavyopanda. Maana yake ni kwamba pale unapokuwa umechuchumaa vibaya, unazungusha mpini wenye kona unaogonga lami kila nusu mzunguko, ndipo inapokutaka nguvu nyingi. Na kabla ya hapo uiingize chini ya gari ambalo limeshuka kwa sababu tairi halina upepo, uilenge kati ya vikato viwili vidogo kwenye ukingo wa chini wa bodi. Ukikosea ukalenga bodi yenyewe, unaikunja.

Halafu kuna kitako chake. Ni kidogo kama kiganja, kimetengenezwa kwa ardhi ngumu iliyo sawa. Kiweke kwenye mchanga wa pembezoni mwa barabara zetu, au udongo mwekundu baada ya mvua, kinazama huku gari limebaki palepale. Waliozoea safari hutembea na kipande cha ubao. Kosa lingine linawapata hata wenye uzoefu: jeki imenyanyua gari vya kutosha kutoa tairi bapa, lakini tairi la spea limejaa upepo, ni nene zaidi, haliingii. Unarudi kuzungusha upya na jeki ishaanza kuinama. Kitako kipana kidogo na sentimita chache za kimo zaidi visingemfilisi mtengenezaji yeyote.

Utetezi wa kiwanda hapa ni kwamba jeki hiyo ni ya dharura, si ya gereji, na kila kilo ya ziada inabebwa maisha yote ya gari na mafuta yake yanalipiwa, wakati wamiliki wengi hawaigusi kabisa. Ni kweli. Lakini magari haya yaliundwa kwa soko la Japani, ambako barabara ni nzuri na mwanachama wa JAF, chama chao cha waendesha magari, hupiga simu akafuatwa alipo. Vifaa vya kwenye buti kule ni akiba ya akiba. Ukipata pancha katikati ya Mbuga ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza kwenye makazi ya simba na tembo, ile jeki ndiyo huduma yote uliyo nayo. Hapo siwezi kumlaumu mtengenezaji kwa kutotufikiria, maana hakutuuzia sisi. Sisi ndio tunaoagiza gari lake kama mtumba, tukakagua rangi, injini na viti, na buti tukaliangalia kwa ukubwa tu. Wengine hugundua siku ya pancha kwamba jeki haimo kabisa.

Na hatari si ndogo. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo pancha ya upande wa kulia inakuchuchumaza mgongo ukiwa umeelekezea mabasi na malori. Ndiyo maana madereva wa malori bado wanatandaza matawi barabarani, nyuma na mbele, hata wakiwa na pembetatu. Kila dakika unayopoteza ukipigana na nati moja ni dakika unayokaa hapo. Askari wa trafiki akikusimamisha atauliza pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Sijasikia anayeomba kuona kama nati zinafunguka.

Haya yote angalau yanahusu gari lenye spea. Kwenye matoleo ya karibuni, mengi hayana. Mahali pake kuna chupa ya gundi na kompresa ndogo, kwa hoja ileile ya uzito na nafasi, na kwenye baadhi ya haibridi, zinazotumia mafuta na umeme, betri nayo inadai nafasi hiyo. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari kwenye kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, tena tundu lisilozidi upana wa takriban milimita 4. Tairi likichanwa ubavuni na jiwe au ukingo wa lami uliomegeka, haisaidii kitu, na chupa yenyewe ina tarehe ya kuisha muda. Hata ile spea nyembamba, ya kutembea mwisho kilomita 80 kwa saa na kujazwa upepo wa PSI 60, ni afadhali mara nyingi, ilimradi mtu akumbuke kuijaza.

Kwa hiyo anayeagiza gari mwaka huu aombe picha ya chini ya zulia la buti kabla hajalipa. Na likifika, apite kwa fundi, nati zote zifunguliwe na kukazwa upya kwa ile spana fupi ya kwenye gari, mwenye gari akiwa ndiye anayekaza.