Laki tisa, kalamu nyekundu na sambusa la chuma

Naandika Jumapili usiku kwa sababu mwalimu wa Jiografia ameshanitangulia. Katupia sauti ya dakika nne kwenye grupu la walimu kuhusu yaliyonikuta gereji Jumamosi, na kuna mahali anasema nililia. Sikulia. Ilikuwa pilipili ya mihogo. Hilo tulimalize hapa hapa. Mengine aliyosema ni kweli, na baadhi kayapunguza.

Gari mnalijua. Ile Mazda RX-8 nyekundu ya 2004, inayolala chini kiasi kwamba kila tuta la barabarani nalisalimia kwa tumbo. Nililinunua Dar kwa bei ya chini kuliko IST, na mtu mwenye akili angejiuliza hapo hapo. Mimi nilijiuliza kitu kimoja tu: kadi inasema sisi (cc, ukubwa wa injini) ngapi? Kadi ikasema 1,300 na kidogo. Nikasema alhamdulillah, gari la spoti lenye tumbo la Vitz. (Mliokuwa mnanikuta sheli kila baada ya siku mbili, naomba mnyamaze.)

Kisa kilianza na embe. Jumatano jioni nimeegesha chini ya mwembe wa mwenye nyumba, kule Magomeni ya hapa Mtwara, embe likatua kwenye boneti: puu! Nikatoka mbio na msuli kiunoni, nikawasha, nikasogeza kama hatua sita, nikazima. Haikufika nusu dakika. Asubuhi nakwenda kazini, stata inalia, gari haliamki. Nikalipigia stata mpaka betri ikawa inanong'ona. Nikavutwa kwa kamba na Canter iliyojaa magunia ya korosho, na kwa kuwa Mungu ana mipango yake, tulipita mbele ya shule wanafunzi wakiwa mstarini. Hiyo haikuwa aibu. Hiyo ilikuwa kionjo.

Gereji iko njia ya kwenda Mikindani, siitaji. Fundi ni mzee mmoja mpole, wa maneno machache. Jumamosi asubuhi akanitumia picha ya karatasi ya daftari, mwandiko mzuri kuliko wa nusu ya walimu wenzangu:

Plagi 4, 240,000. Koili 4, 320,000. Stata ya mtumba, 180,000. Kupima kompresheni, 50,000. Oili lita 2, 30,000. Ufundi, 80,000. Jumla 900,000.

Laki tisa! Sasa kumbukeni mimi nafundisha bukikipingi. Mtu akiniletea hesabu, siioni kama bili, naiona kama mtihani. Nikampigia binamu yangu mwenye kibanda cha spea kule Gerezani, Kariakoo. Nikamuuliza, plagi ya gari la sisi 1,300 inakwenda bei gani? Akasema elfu nane. Nikamshukuru, nikakata simu. Jina la gari sikulitaja. Wala yeye hakuuliza.

Nane mara nne, thelathini na mbili elfu. Mzee kaandika laki mbili na arobaini. Nikahisi damu inachemka kwa furaha, ile furaha ya kumkamata mtu. Nikavaa shati langu la kikao cha wazazi, nikachukua kalamu nyekundu, nikamchukua na mwalimu wa Jiografia awe shahidi. Huyu huyu. Shahidi wangu mwenyewe.

Tukafika saa nne. Fundi akatukaribisha vizuri, akaagiza chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha yenye pilipili. Tukakaa kwenye benchi, na mbele yetu palikuwa na chuma fulani kimelazwa chini, kimefanywa meza. Sahani ya mihogo ikawekwa katikati yake, kikombe changu nikakiweka pembeni. Naomba mkikumbuke hicho chuma. Mimi sikukijali, nilikuwa nimekuja kusahihisha.

Nikaomba ile karatasi yenyewe, nikaiweka pajani, nikaanza kusoma kwa sauti ya darasani. Mnajua sauti ya darasani haina kipimo. Mama ntilie wa jirani akaacha kukuna nazi. Bodaboda wawili wakazima pikipiki. Waliokuwa wanasubiri magari yao wakasogea.

"Namba moja. Plagi nne. Kariakoo ni elfu thelathini na mbili." Nikapiga mkasi, ile alama ya kosa.

"Namba mbili. Koili. Gari halikuwaka asubuhi moja tu, koili zote nne zimekufa usiku mmoja? Zilikula sumu?" Mkasi. Watu wakacheka. Kosa langu lilianzia kwenye kicheko hicho, maana mimi nikisikia watu wanacheka nashindwa kunyamaza.

"Namba nne. Kupima kompresheni elfu hamsini. Gereji ya pili hapo wanapima kwa elfu kumi." Mkasi.

"Namba tano. Oili lita mbili. Fundi, oili nimebadilisha mwezi uliopita, na chini ya gari hakuna hata tone. Oili yangu kainywa nani?"

"Gari limeinywa lenyewe, Mwalimu."

"Lina kiu?"

Hapo hata mama ntilie alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi hakucheka. Alikuwa anajifuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kimoja kimoja. Ningekuwa na akili ningeiogopa ile mikono. Mtu anayeiba hafuti mikono taratibu vile.

Nikasimama. Ndiyo, nilisimama, Jiografia hapo hakuongeza chumvi. Nikasema: "Sasa nitawaonyesha wizi wenyewe ulipo. Anasema kapima kompresheni. Kompresheni ikipimwa kuna mambo inatafuta, siyo? Niambieni kwenye karatasi hii ziko wapi ringi za pistoni? Iko wapi gasketi ya silinda hedi? Valvu hata moja? Hajagusa kitu huyu! Fundi, plagi nne ni silinda nne. Nionyeshe pistoni nne, nakulipa laki tisa sasa hivi, mbele ya watu."

"Hakuna pistoni humu," akasema.

Jamani. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Nikawageukia watu, nikanyanyua karatasi juu kama mgombea udiwani: "Mmesikia kwa masikio yenu? Gari haina pistoni! Sasa nimetoka nalo Dar kilomita mia tano na zaidi, lilikuwa linakuja kwa dua?"

Bodaboda mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, kaza!"

Nikakaza. Nikasema maneno mengine matatu manne ambayo sitayarudia, moja lilikuwa linahusu mwizi asiyejua hata kuiba. Kalamu nyekundu hewani. Jasho linanitoka, shati limenata mgongoni. Nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Ndipo kutoka chini ya Noah moja ikatoka miguu, halafu ovaroli, halafu uso. Kijana wangu wa Kidato cha Tatu B. Yule niliyemwambia wiki iliyopita kwamba kwa alama zile hatafika popote. Kumbe Jumamosi anajifunza ufundi pale. Akasimama wima, mikono nyuma, kama yuko mstarini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani, Mwalimu. Ni kweli haina pistoni. Ni injini ya rota. Aliyeibuni ni Mjerumani, anaitwa Wankel."

"Kaa chini," nikamwambia. Mazoea. Na mtoto wa watu akakaa, juu ya tairi. Hakuna aliyecheka. Ule ukimya ndio ulionishtua.

Fundi akaweka tambara begani. "Mwalimu, nyanyua hiyo sahani."

Nikaangalia sahani. Mihogo miwili imebaki. Nikainyanyua kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado na kalamu.

Chini yake palikuwa na tundu kubwa la duara, na ndani ya tundu meno ya gia yamezunguka pande zote. Nikaliangalia tundu. Kisha macho yakatoka kwenye tundu yakaenda kwenye chuma chote, kwa mara ya kwanza tangu nifike: pembe tatu, mbavu zimetuna, kama sambusa lililovimba kwenye mafuta. Kwenye pembe moja kikombe changu. Nikakiondoa. Kikaacha duara la chai.

"Pistoni yako ndiyo hiyo," fundi akasema. "Umeinywea chai."

Wenzangu, kuna kicheko cha watu kumi na tano kinachoanza kwa mtu mmoja kupiga chafya ya pua. Alikuwa Jiografia. Halafu mama ntilie. Halafu wote, bodaboda kajilaza juu ya tangi la pikipiki anapigapiga kiti. Mimi nimesimama, mkono mmoja sahani, mkono mwingine kalamu, kikombe nimekibana kwapani, sijui kilifikaje kwapani. Nikafanya kitu ambacho hadi sasa sielewi: nikachukua muhogo, nikauchovya kwenye pilipili yote iliyobaki, nikala. Machozi ndipo yalipotoka. Mnaona sasa?

Mzee hakunitukana. Ndilo lililoniuma. Alikaa akanieleza kama anamweleza mjukuu, na kila alilosema lilikuwa linafuta mkasi mmoja. Chuma kile ndiyo rota yenyewe, kilitoka kwenye RX-8 ya mgeni mmoja enzi zile za gesi, mji ulipojaa wageni. Ndani ya injini yangu yamo masambusa mawili, kila moja linazunguka ndani ya chumba kama pipa lililobanwa kiuno. Kila upande wa sambusa unavuta hewa na petroli, unabana, unalipua, unatoa moshi, huku linazunguka tu. Kwa hiyo hakuna pistoni, hakuna valvu, hakuna silinda hedi. Chumba kimoja sisi 654, viwili 1,308. Hesabu yangu ya kadi hiyo, na kufananisha na Vitz ni ujinga wangu mwenyewe.

Plagi nne ni mbili kwa kila rota, na ya juu si sawa na ya chini, haziingiliani. Oili kweli linakunywa lenyewe: limetengenezwa linajinyunyizia oili ndani ili zile sili za kwenye pembe zisikwanguke, kwa hiyo kila baada ya kujaza petroli mara chache inabidi upime oili kwa kijiti. Mimi sikuwahi. Koili ndio ugonjwa wake unaojulikana, zilikuwa zimechoka siku nyingi, na ukiziacha, petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, na hapo laki tisa ungeiita sadaka. Stata za miaka ile ya mwanzo zilikuwa dhaifu, hata Mazda wenyewe baadaye waliweka zenye nguvu zaidi. Na kompresheni, yaani mbano wa ndani ya injini: geji ya kawaida inashika namba kubwa tu, wakati kila rota ina pande tatu, upande mmoja ukifa geji haikwambii. Yeye alitoa kile kivalvu cha geji, akaacha sindano iruke, akarekodi kwa simu. Akanionyesha. Sindano inaruka tatu, tatu, tatu, zinalingana. "Injini yako nzima," akasema. "Ndiyo maana sikukuandikia kushusha injini. Mwingine angekuandikia."

Halafu akaniuliza kwa upole, "Kabla halijagoma, uliliwasha likiwa baridi ukalizima hapo hapo?"

Nikamsimulia embe.

Akafumba macho kidogo. Injini hii ikiwashwa ya baridi inamwagiwa petroli nyingi. Ukizima kabla haijapata moto, petroli inabaki inalowesha plagi na kuosha oili iliyokuwa inaziba kwenye kuta, kompresheni inaanguka. Wajerumani walitujengea Boma la Mikindani mwaka 1895 na bado limesimama, mvua na jua. Hili la Wankel, likisogezwa hatua sita, linakufa.

Nikampigia binamu, nikataja RX-8. Akasema, "Ee! Mbona hukusema? Hizo mimi siuzi, na ukipata kwa elfu sitini moja, chukua." Spika ilikuwa wazi. Sikuiwasha mimi.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilianza siku na "wewe fundi", nikaimaliza na "mjomba wangu". Nililipa kwa simu zote laki tisa, na mihogo ya kijiji kizima. Ufundi elfu themanini kwa siku mbili. Kama kuna aliyepunjwa kwenye karatasi ile ni yeye. Isipokuwa ile stata. Laki na themanini ya mtumba, moyo bado unaniambia laki na nusu ingetosha, lakini pale ningeanzia wapi? Karatasi amebaki nayo, ameibandika ukutani na mikasi yangu yote. Kijana wa Tatu B kaniomba ile kalamu nyekundu, sikuweza kumnyima, na naambiwa chini ya jumla kaandika: "Mzazi aonane na mwalimu."

Gari limewaka, linalia kama mwewe. Nimelirudisha nyumbani, nimeegesha pale pale, kwingine hakuna nafasi. Sasa hivi naandika, saa tano usiku, nimesikia: puu! La pili: puu!

Nimejifunika shuka.