Kabla ya kukata dipoziti, ulizeni kwanza kabati lina miaka mingapi

Jamani hii mambo ya dipoziti imenikaa rohoni wacha niiseme. Nimepanga Nairobi miaka mingi kabla nije huku Uingereza, Kasarani, Roysambu, kote huko, na sijawahi kuona dipoziti yangu ikirudi nzima. Unahama, keyateka anaingia jikoni, anafungua kabati mbili tatu, anatikisa kichwa, halafu unaambiwa rangi ni elfu kadhaa na kabati zimeharibika kwa hivyo hakuna kitu imebaki. Risiti hakuna. Ukiuliza sana unaambiwa ongea na landilodi, na landilodi hashiki simu.

Sasa huku tulihama flati yetu Leicester. Kodi ilikuwa pauni 950 kwa mwezi na dipoziti 1,096, maana sheria ya 2019 inasema kwa nyumba kama hizo mwenye nyumba hawezi kushika zaidi ya kodi ya wiki 5. Ajenti akaleta bili ya pauni 780, anataka kubadilisha kabati zote za chini. Sababu ni milango miwili tu. Ule wa chini ya sinki ulikuwa umelowa maji, chipbodi imevimba pale kwenye kona mpaka ile plastiki ya juu imebanduka, na wa pili mtoto wetu aliuning'inia, bawaba ikang'oka na unga wa mbao ikaacha shimo.

Ingekuwa nyumbani ningelalamika wiki moja nikanyamaza. Huku tangu Aprili 2007 dipoziti lazima iandikishwe kwenye skimu iliyoidhinishwa na serikali, landilodi ana siku 30 kufanya hivyo, akikaidi korti inaweza kumlipisha mara 1 hadi mara 3 ya hiyo dipoziti. Mkikosana skimu inaleta mwamuzi bila malipo, na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba anayetakiwa kuthibitisha ni landilodi, hiyo pesa inahesabika ni yako mpaka aonyeshe sababu ya kuikata.

Basi swali la kwanza la mwamuzi likawa, hizo kabati zilifungwa lini? Miaka 6 iliyopita. Za aina hiyo kwenye nyumba ya kupangisha akazikadiria miaka 10, kwa hivyo landilodi alikuwa amebakiwa na miaka 4 ya kuzitumia na hiyo 4 ndiyo anaweza kudai, si zaidi, kwa sababu haruhusiwi kupata kitu kipya badala ya kitu kilichokwisha kutumika. Mlango wa sinki akautoa kabisa kwenye hesabu, maana tulikuwa tumeandika imeli mapema kwamba bomba linavuja na ajenti akakaa nayo. Ukabaki ule wa bawaba. Bei ya mlango mmoja pamoja na kuufunga ni pauni 90, ukichukua sehemu 4 kati ya 10 za hiyo bei unapata 36. Basi! Pauni 36 kutoka 780, na 1,060 ikarudi. Habari ya kubadilisha kabati zote hakuitaka, mlango mmoja ukiharibika unalipa mlango mmoja, na mikwaruzo midogo ya kufungua na kufunga kila siku hiyo ni uchakavu wa kawaida, hulipi kitu.

Niliposimulia nyumbani jamaa wakasema huko ni Ulaya. Lakini hiyo hesabu ina Ulaya gani ndani yake? Ni bei, umri na miaka iliyobaki, hata keyateka anaweza kuipiga kwa simu yake. Tena kwetu kukata kungekuwa kudogo zaidi, kwa sababu tuna mafundi. Hapa mlango ukitoboka wanafikiria kununua mwingine, Nairobi fundi anajaza lile shimo kwa kipande cha mbao na gundi, anasogeza bawaba kidogo juu, na jioni mlango unafunga. Basi mpangaji akatwe bei ya fundi, iwe na risiti, asikatwe bei ya kabati mpya ambayo wala haitanunuliwa, maana mpangaji anayefuata anaingia anakuta mlango ni ule ule na shimo ni lile lile.

Najua kuna wapangaji wanaoharibu kweli na landilodi wanaumia, siwatetei. Ila wengi wanakaa mwezi wa mwisho bila kulipa kodi kwa sababu wanajua dipoziti hairudi, na landilodi naye anaona heri akate mapema, hivyo kila mtu anamwibia mwenzake akijikinga. Sheria yetu ya kudhibiti kodi inahusu nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hebu niambieni nyumba ya bei hiyo inapatikana mtaa gani siku hizi. Tunahitaji mtu wa tatu ashike hizi pesa, na bunge lingeweza kuanza na hilo tu kabla ya mengine yote.

Kwa sasa angalau kuna ile korti ya madai madogo iliyoanza 2021, inachukua madai hadi shilingi milioni 1 na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Ukienda beba agrimenti, meseji ya M-Pesa ya siku uliyolipa dipoziti, na picha za kila mlango wa kabati, ndani na nje, za siku uliyoingia na za siku uliyotoka.