Imeili za matangazo: kutuma watume, ila mlango wa kutoka uwe wazi

Ukilalamika kwamba imeili za matangazo zimekujaa utaambiwa "si ufute tu, kwani shida iko wapi". Jibu hilo mimi nalikataa, kufuta nayo ni kazi na hiyo kazi tumetwishwa sisi. Umenunua kava la simu mtandaoni mara moja, wakataka imeili ukaandika, basi kuanzia siku hiyo ni ofa asubuhi ofa jioni, "zimebaki saa mbili tu", kesho yake zile saa mbili zinaanza upya.

Kwa sisi wa hapa Dar hili jambo lina uzito wake. Wengi imeili tulifungua kwa sababu ya simu, bila hiyo Play Store hushushi kitu, tukaisahau. Ila siku hizi hiyohiyo ndo unaombea kazi kwenye Ajira Portal, ndo chuo wanakutumia majibu, ndo mwajiri anakuandikia uje kwenye usaili. Sasa kijana yuko Mbagala anasubiri barua moja ya maana, inboksi ina matangazo mia na kitu, ile barua inazama humo anakuja kuiona tarehe imeshapita. Na zile picha kubwa kubwa zinakula bando la mtu, na zinajaza zile GB 15 za bure za Google ambazo ni hizohizo unatunzia picha za watoto.

Lakini nimsemee na anayeuza, maana wengine wanataka matangazo yote yapigwe marufuku na hapo siko nao. Mtu ana duka la vitenge Sinza anauza mtandaoni, akitaka kutangaza Instagram lazima alipie, na akaunti ikifungwa ghafla wafuasi wote wamekwenda. Orodha ya wateja waliowahi kununua kwake ndo mali aliyonayo mkononi. Kuwaambia mzigo mpya umeingia ni biashara halali kabisa, na wapo wateja wanaoisubiri hiyo meseji.

Shida inaanzia kwenye gharama, kutuma ni karibu bure. Mwaka 1978 huko Marekani Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC alituma tangazo kwa watu kama 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia hii intaneti yetu, watu wakakasirika sana lakini yeye akadai limemletea mauzo ya mamilioni ya dola. Hesabu haijabadilika mpaka leo, wakichukia elfu moja akanunua mmoja, aliyetuma bado ana faida, ndo maana kutegemea aibu yao haisaidii, lazima kuwe na sheria.

Na sheria hazifanani. Marekani ile ya 2003 inaruhusu kampuni ikutumie bila kukuuliza mradi iweke njia ya kujitoa na ikutoe ndani ya siku 10 za kazi. Ulaya kwa kawaida lazima ukubali kwanza, isipokuwa kama ulishanunua kwao, hapo wanaweza kukutangazia bidhaa zinazofanana na uliyonunua ila wakupe nafasi ya kukataa tangu mwanzo na kwenye kila ujumbe. Mimi naona huu wa Ulaya ndo wa haki, unamwachia mwenye vitenge wateja wake halafu unamzuia yule aliyenunua orodha ya watu asiowajua.

Kuhusu kujikinga, watu wanachanganya mambo mawili. Kampuni unayoijua, bonyeza kile kitufe cha kujitoa, tangu 2024 Gmail inawataka wanaotuma matangazo kwa wingi, kuanzia imeili 5,000 kwa siku, waweke cha kubonyeza mara moja na wakutoe ndani ya siku mbili. Usiyemjua kabisa usibonyeze chochote ndani, ukibonyeza umemwambia anwani hii ina mtu, huyo ripoti spamu yaishe. Kama zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii", zile ni utapeli na zinapelekwa 15040, namba ya kuripoti matapeli, duka lililokuuzia friji linakusumbua tu, halijakutapeli.

Nasisitiza hili kwa sababu ripoti ya spamu inauma. Google wanataka malalamiko yasifike 0.3%, yaani watu watatu kwa kila elfu, ukizidi hapo hata risiti na uthibitisho wa oda vinaanza kuangukia spamu. Wauzaji wengi wanaficha kitufe kwa maandishi madogo ya kijivu chini kabisa, wengine wanakudai neno la siri eti ndo ujitoe, wakidhani wanamshikilia mteja, kumbe mteja akishindwa kutoka anabonyeza spamu na wanaoumia ni wao.

Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inakupa haki ya kumtaka aliye na taarifa zako aache kuzitumia kukutangazia biashara. Haki ni nzuri ila ukiulizia pale Kariakoo nani anajua anaanzia wapi kulalamika, wachache sana. Tume ikae redioni na kwenye magrupu ya WhatsApp, iseme kwa Kiswahili chepesi: ukikataa matangazo wakaendelea, lalamika hapa, na hiki ndo kitampata anayekaidi.