Buxton haikuwa maficho tu

Habari za Waafrika waliotoroka utumwa Marekani na kukimbilia Kanada husimuliwa kwa namna ileile: safari za usiku, wawindaji na mbwa wao nyuma, kisha mpaka unavukwa na msimulizi ananyamaza. Kwangu mimi, jambo kubwa linaanzia hapo anaponyamaza. Ndiyo maana naipenda historia ya Buxton, kijiji kidogo cha wakulima kusini magharibi mwa Ontario, karibu na Ziwa Erie.

Kilianzishwa mwaka 1849 na William King, mchungaji wa Kipresbiteri mzaliwa wa Ireland. King mwenyewe alikuwa amemiliki watumwa huko Louisiana, wengi wao kwa urithi wa upande wa mkewe. Aliwaachia huru, akafika Ontario na watu 15. Chama cha Elgin, kilichoundwa kununua ardhi ya makazi hayo, kikapata ekari 9,000 za msitu na kinamasi, zikakatwa mashamba ya ekari 50. Bei ilikuwa dola mbili na nusu kwa ekari, kulipwa kwa miaka kumi.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Ardhi ile haikuwa zawadi. Mtu aliyekuwa hana hata haki ya kumiliki mwili wake alikuja akaingia mkataba, akafyeka miti mikubwa, akachimba mitaro ya kutoa maji, akapanda mahindi, ngano na tumbaku, na deni akalilipa. Nyumba nazo zilikuwa na masharti: urefu wa futi 24, upana wa futi 18, vyumba vinne, uzio mbele na bustani. Pombe ilipigwa marufuku. Wapo watakaoona masharti hayo ni ya kibabe, na sikatai kwamba yalitoka juu. Lakini wanakijiji wenyewe walishindana kufanya zaidi ya yaliyotakiwa.

Na hawakupokelewa kwa vigelegele. Edwin Larwill, mwanasiasa wa Chatham, mji wa jirani, aliongoza upinzani mkali dhidi ya Weusi kupewa nafasi ya kununua ardhi hiyo. Wao wakalima, wakatimiza masharti ya kupiga kura, na katika uchaguzi wa 1857 wakaenda Chatham wakampigia mpinzani wake, Archibald McKellar. Larwill akaanguka. Sijui jibu lililo zuri kuliko hilo. Miaka miwili baadaye Abraham Shadd alichaguliwa kuingia baraza la Raleigh, wilaya ndogo yenye Buxton ndani yake, Mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa kuchaguliwa nchini Kanada.

Shule ndiyo iliyowaumbua waliowadharau. Ilifunguliwa 1850, ikafundisha hadi Kilatini, na ubora wake ukawafanya Wazungu wa jirani wawalete watoto wao wasome pamoja na watoto wa waliokuwa watumwa. Anderson Ruffin Abbott, daktari wa kwanza Mweusi mzaliwa wa Kanada, alipita katika shule hiyo. Mwaka huohuo wa 1850, Weusi wa Pittsburgh waliwapelekea wanakijiji kengele, na ikawa ikigongwa kila anapofika mtu aliyepata uhuru.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika 1865, wengi walirudi kusini. Walikuwa na ndugu wa kutafuta, na elimu yao ilihitajika kule. Kuna wanaouita mwisho huo kushindwa, nami nawapinga kabisa. Kijiji kinachotoa walimu, mafundi na viongozi kwenda kuwasaidia watu wao kimefanya kazi yake. Wala hakikufa. Waliobaki waliendelea kulima, na ukoo wa baadhi yao upo hadi leo.

Tangu 1924, kila mwanzoni mwa Septemba, wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi ya kule, kizazi cha Buxton kinarejea kutoka Kanada na Marekani kusali, kula, kucheza mpira na kutafutana kwenye matawi ya ukoo. Jengo la shule la 1861 bado lipo, na lilifundisha watoto hadi miaka ya 1960. Makumbusho nayo yalifunguliwa 1967, na mwaka 1999 serikali ikalitambua eneo hilo kuwa la kihistoria la kitaifa. Utambuzi huo ulichelewa mno. Wenyewe walikuwa wameitunza historia yao kwa miaka mia moja na nusu bila kungoja ruhusa, na kama Kanada inataka kujivunia Buxton, basi iwataje kwanza wale waliochimba mitaro.