Eti Kama Shingo Haiumi, Usikubali Kukatwa

Juzi nilikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi ya viungo, nasubiri kuitwa. Kando yangu mzee mmoja alikuwa anamsimulia jirani yake kwamba daktari amemshauri afanyiwe upasuaji wa shingo. Vidole vimekuwa vizito, vifungo vya shati anafungiwa na mkewe, na usiku akiamka kwenda msalani hana budi kushika ukuta. Jirani akamuuliza, "Na shingo yenyewe inauma?" Mzee akajibu kwamba haiumi kiasi cha kumkosesha usingizi. "Sasa mzee wangu, kama haiumi, unakubalije kukatwa? Shingo si mahali pa kuchezewa. Utaingia kwa miguu yako, utoke kwenye kiti cha magurudumu." Mzee akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaitwa ndani, na nilipotoka wote wawili walikuwa wameshaondoka.

Sijatulia tangu siku hiyo. Maneno yale hata mimi niliambiwa kabla ya kukatwa, tena na watu wanaonipenda, kwa sauti ileile ya huruma. Hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza habari ya mikono yangu. Wote waliuliza kama inauma.

Naomba nieleweke. Kwenye shingo, maumivu si kipimo cha kuamua ukatwe au usikatwe. Ukipima kwa maumivu utamkimbiza chumba cha upasuaji mtu ambaye pengine angepona nyumbani, na utamrudisha nyumbani mtu anayepoteza miguu yake kidogo kidogo bila kupiga kelele.

Shingo ina pingili 7, na katikati yake umepita mshipa mkuu wa fahamu, huo unaobeba amri za ubongo kwenda mikononi, miguuni na hata kwenye kibofu. Pembeni inachomoza mishipa midogo, jozi 8, kuelekea shingoni kwenyewe, mabegani na mikononi. Diski, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, ikitokeza pembeni ikabana mmoja wa hiyo midogo, mtu atalia. Maumivu yanashuka kutoka shingoni hadi vidoleni, ya kuchoma, usiku na mchana. Ukibanwa mshipa wa 6 yanaishia kidole gumba, ukibanwa wa 7 yanaishia kidole cha kati. Utamkuta ameweka mkono juu ya kichwa, maana ukikaa hivyo mshipa unalegea kidogo. Kila anayemwona anasema huyu apelekwe akakatwe leo. Kumbe huyo ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupona bila kisu. Wengi wao hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa au miezi michache, kwa dawa, mazoezi na subira.

Huyo amebanwa tawi. Anayebanwa shina, yaani mshipa mkuu wenyewe, mara nyingi halii. Kalamu inamdondoka. Anaingiza mkono mfukoni hawezi kutofautisha sarafu na ufunguo mpaka avitoe avitazame. Mwandiko unaharibika. Miguu inakakamaa, ngazi anazishuka kwa kushikilia, haja ndogo ikimjia haimpi muda. Akiinamisha kichwa anasikia shoti inashuka mgongoni. Watu wa nyumbani wanasema ni uzee, au ni uchovu, au ni mawazo. Wengine wanatibiwa muda mrefu kwa mshipa wa kiganjani, na hata wanapasuliwa kiganja, kumbe shida iko shingoni. Utafiti mmoja uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba wagonjwa wa namna hii walichelewa kutambuliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka 2. Miaka 2 mshipa mkuu umebanwa, na sehemu yake ikishakufa hairudi! Ndiyo maana nikisikia mtu anamwambia mwenzake "subiri mpaka iume" damu inanichemka.

Daktari aliyenipima hakuanza na picha. Alianza na mikono. Aliniambia nikunje ngumi na kuifungua haraka niwezavyo kwa sekunde 10, naye akihesabu. Mtu mzima mwenye afya hufika 20 au kupita. Mimi sikufika. Niliona vidole vyangu mwenyewe vinafunguka polepole, cha mwisho na cha kabla yake vikibaki nyuma, na nikavikazia akili visinisikie. Kisha akaushika mkono wangu ukiwa umelegea, akapiga ncha ya kidole cha kati kwa kucha yake, na kidole gumba kikaruka chenyewe kuelekea ndani. Akarudia, kikaruka tena. Halafu akaniambia nitembee kwenye mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Nilipofika hatua ya tatu nilikuwa nimeshashika meza. Picha ya MRI ilikuja baadaye, ikathibitisha kile ambacho mwili ulikuwa umeshakisema.

Kuna alama madaktari wanazotumia kupima ukali wa kubanwa kwa mshipa mkuu, jumla yake 18, na kadiri zinavyopungua ndivyo hali ilivyo mbaya. Mikono ina alama 5, miguu 7, hisia za mikono 3, kibofu 3. Maumivu ya shingo hayakutengewa fungu. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari uliotolewa 2017 unasema mwenye alama 14 kushuka chini ashauriwe upasuaji. Mwenye 15 hadi 17 anaweza kukatwa au kujaribu kwanza mazoezi chini ya uangalizi, na akizidi kushuka akatwe. Yule mzee wa benchini, kwa niliyomsikia akisimulia, hakuwa mtu wa kuambiwa akalale.

Sasa na upande wa pili usemwe, ingawa wenye kutisha watu wataushika huo tu na kuacha mengine. Ni kweli wapo wanaokatwa bila sababu ya kutosha. Ni kweli pia picha peke yake inadanganya. 1990 Marekani walipigwa picha watu 63 wasio na dalili yoyote ya shingo, na takribani mmoja kati ya watano alikutwa na kasoro. Kwa waliopita miaka 40 ilikuwa 28%. Kwa hiyo ukionyeshwa diski iliyotokeza, na huna ganzi, huna udhaifu, unatembea vizuri, una haki ya kuuliza maswali mengi sana kabla ya kutia sahihi. Na kwa mshipa mdogo uliobanwa, utafiti wa Sweden uliochapishwa 1997 uligawa wagonjwa 81 mafungu matatu: upasuaji, mazoezi, na kola ya shingo. Miezi ya mwanzo waliokatwa walikuwa na nafuu zaidi. Baada ya mwaka mmoja, tofauti ya maumivu haikuwepo tena. Nayakubali yote hayo. Lakini hayo ni ya tawi. Kuyachukua na kumpa mtu wa shina ni kumpotosha.

Hofu ya kupooza naielewa, maana niliibeba mpaka kitandani. Kuumia kwa mshipa mkuu katika upasuaji wa kupitia mbele ya shingo hutokea kwa chini ya 1%. Njia hiyo ilielezwa kwenye majarida ya kitabibu tangu 1958, si jambo la majaribio. Ngozi inachanwa mbele, upande mmoja, koo na umio vinasogezwa kando, diski inaondolewa, na mahali pake panawekwa kipande cha mfupa au kizimba kidogo, mara nyingi na bamba la titani na skrubu ili pingili ziungane. Wengine hukatwa kwa nyuma, hasa ikiwa pingili zilizobana ni nyingi. Wajapani ndio waliobuni, miaka ya 1970, njia ya kufungua mfupa wa nyuma kama mlango ili mshipa upate nafasi. Wengine huwekewa diski bandia. Ipi inakufaa wewe inategemea ni nini kimebana, wapi, na shingo imekaaje, siyo jirani yako alifanyiwa ipi.

Na lile la kwamba shingo itakuwa gogo: karibu nusu ya kugeuza kichwa kushoto na kulia hufanyika kati ya pingili ya kwanza na ya pili, huko juu kabisa chini ya fuvu. Wengi wetu tunaungwa ya 5 na ya 6, au ya 6 na ya 7. Mimi nageuka kutazama nyuma. Kuinua uso kutazama dari ndiko kumepungua kidogo.

Jambo ambalo kila mgonjwa anapaswa kuambiwa, tena mbele ya familia yake, ni lengo la upasuaji. Ukiwa na mshipa mkuu uliobanwa, unakatwa kwanza ili usizidi kuharibika. Kurejea kwa yale yaliyopotea ni faida ya juu yake. Wengi huipata kwa kiasi fulani, wengine hupata kidogo. Familia isipolijua hilo, itakusubiri utoke chumba cha upasuaji ukiwa mzima, na usipokuwa mzima itaanza kunong'ona kwamba umeharibiwa. Nimeona wagonjwa wakilia kwa minong'ono hiyo kuliko kwa kidonda.

Kupona kwenyewe hakufanani na watu wanavyofikiri. Kidonda ndicho kinachosumbua kidogo zaidi. Siku za mwanzo kilichonitesa ni kumeza. Tonge linashuka likifika mahali linasimama, na unabaki umeshika kikombe cha maji ukisubiri liamue. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye mafua makali. Hayo ni ya kawaida ukikatwa kwa mbele, na kwa wengi huisha ndani ya wiki au miezi michache. Lisilo la kawaida ni shingo kuvimba ghafla na pumzi kubana. Hapo hakuna kusubiri asubuhi, mtu apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Maumivu katikati ya mabega, kwa nyuma, yalinitisha sana mpaka daktari aliponieleza kwamba nafasi ya diski imetanuliwa na misuli inazoea urefu mpya. Kola mimi nilivaa, wengine hawavai kabisa, hasa wakiunganishwa pingili moja na kuwekewa bamba. Usibishane na daktari wako kwa sababu shangazi wa mtu alivaa.

Kutembea ndiyo dawa ya kwanza. Kubeba vitu vizito acha mpaka uruhusiwe. Na sigara iachwe kabisa, kabla na baada. Nikotini inazuia mfupa kuunga, na mfupa unahitaji miezi mitatu hadi sita, wakati mwingine mwaka, ndipo picha ionyeshe umeshikana. Wanaokanda na kuvunja shingo mpaka ilie wakae mbali nawe, na wakae mbali hata zaidi na mtu ambaye mshipa wake mkuu umebanwa na hajakatwa.

Lakini kigumu kuliko vyote ni mikono. Watu wanaona umetembea, umevua kola, kovu limefifia, wanakuhesabu umepona. Wanakupa kikombe cha chai mkononi wakiendelea na mazungumzo. Nawe unakitazama kile kikombe, unakishika kwa mikono miwili, unaomba Mungu. Mishipa ya fahamu inarudi taratibu mno, zaidi katika miezi sita ya kwanza hadi mwaka, na hairudi kwa mpangilio. Gumba langu la kulia lilichangamka mapema. Vidole viwili vya mwisho vya kushoto bado vina ganzi hadi leo. Mtaalamu wangu wa mazoezi ananipa punje za maharage nizihamishe moja moja kutoka bakuli hadi bakuli, na ni kazi ngumu kuliko kazi yoyote ninayolipwa kuifanya. Ukimtembelea mgonjwa wa shingo, usimuulize kama bado inauma. Muulize mikono inafanya nini wiki hii, kisha umpe muda akuonyeshe.

Kwa aliyeshauriwa akatwe na bado hajaamua: nenda kwa daktari wa pili ukitaka, ni haki yako, na daktari mzuri hakasiriki. Mwulize kinachobanwa ni mshipa mdogo au mkuu. Mwambie apime mkono na mguu, asitegemee picha tu, na aandike alama ili miezi mitatu ijayo mjue kama unapanda au unashuka. Mwulize atakukatia mbele au nyuma, na kwa nini. Mwulize usipokatwa itakuwaje. Kisha mchukue ndugu yule anayekutisha zaidi, uingie naye ndani asikie majibu kwa masikio yake.

Mimi pia najua kwamba huenda siku moja nikarudi. Utafiti wa 1999 uliofuatilia watu waliounganishwa pingili za shingo ulikuta kwamba kila mwaka takribani 2.9% hupata dalili mpya kutoka pingili jirani na zile zilizoungwa. Niliambiwa hilo kabla ya kutia sahihi, nikaliwaza usiku kucha, na asubuhi nikatia. Wakati huo nilikuwa siwezi kufunga kamba za viatu vyangu.