Simu imejibu 641, lakini imejuaje?

Jumamosi iliyopita, barazani kwetu Majengo, Moshi, nilimpa mpwa wangu wa kidato cha pili namba moja achunguze kama ni tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na yenyewe: 4,294,967,297. Akaiingiza kwenye programu ya simu, na chai haijapoa akaniambia, "Mjomba, tayari. Ni 641 mara 6,700,417." Nikamuuliza, kwa nini 641 na si nyingine? Akanyamaza.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyefundisha hisabati Arusha kwa miaka mingi, alimtetea kijana. Hoja yake ina uzito. Darasa limefurika, kipindi ni kifupi, na mtoto anayehenyeshwa na kugawa kwa mkono huichukia hesabu kabla hajaonja utamu wake. Isitoshe, kalamu imewahi kumwangusha hata gwiji. Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa alizitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ukiongeza 1, zote namba tasa, akaamini kwamba mfuatano ule utaendelea kuzaa tasa daima. Inayofuata ndiyo hii yetu: 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Angekuwa na simu, anasema mwalimu, asingekosea.

Hapo ndipo tunapoachana. Aliyemsahihisha Fermat mwaka 1732, Leonhard Euler, naye hakuwa na mashine. Tazama ukubwa wa kazi yenyewe. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 haiigawi. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 nazo zimetoka. Baada ya hapo njia za mkato za shule ya msingi zinaelekea ukingoni. Ukitaka kuimaliza kwa kujaribu tu, namba tasa zilizo chini ya 65,536, ambayo ni takriban kipeuo chake cha pili, ni 6,542, na ukizipanda moja moja kuanzia 2, hiyo 641 ni ya 116.

Lakini Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Basi 65 inaanguka kwa sababu si tasa, 129 vilevile, na ukiendelea hivyo unabaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Majaribio 116 yamekuwa matano! Kwangu mimi hili ndilo tunda lenyewe, na simu ilikuwa imelimenya na kulila bila kumwonjesha mtoto.

Sisemi simu ifungiwe kabatini. Kutafuta namba tasa kubwa leo ni kazi ya kompyuta, na mwalimu ana haki kulisisitiza hilo. Ninachotaka ni mtoto ajue sababu kwanza, ndipo aibonyeze.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemsogezea kijana karatasi. Kwa 193, baki ikawa 109. Kwa 257, ikawa 2. Kisha 325, kisha 288. Kwa 641 hakikubaki kitu, na kijana akairudia hesabu yote kuhakikisha.